Tafakari ya Wiki: Swali Ambalo Hatukuliuliza



Majuma machache yaliyopita tulimzika mzee mmoja wa parokia yetu, aliyeongoza jumuiya yake ndogo ndogo kwa miaka mingi. Familia yake imeturuhusu kuandika haya kwa sharti kwamba jina lake tusilitaje. Alifariki kwa saratani ya kibofu cha mkojo. Tulipokuwa tukitoka makaburini, binti yake alitusogelea akauliza kwa sauti ya chini: "Padre, hivi ugonjwa huu hauwezi kuonekana mapema?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwendea Sista mmoja muuguzi, naye akatupatia maandiko ya kusoma. Humo ndimo tulimokutana na kazi ya Profesa Julio Celis, mwanasayansi mzaliwa wa Chile, aliyefanya utafiti Cambridge nchini Uingereza kabla ya kuhamia Denmark, ambako alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Aarhus na baadaye katika taasisi ya Shirika la Saratani la nchi hiyo mjini Copenhagen. Tunapenda kuwashirikisheni yale tuliyojifunza.

Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai, na kila chembe hutenda kazi yake kwa njia ya protini. Chembe ya ngozi na chembe ya kibofu zina urithi uleule, lakini protini zilizomo ndani yake hazilingani, mfano wa nyumba mbili zenye kitabu kimoja cha mapishi, kila moja ikipika chakula chake. Mwaka 1975 mtafiti Patrick O'Farrell alieleza njia ya kuzitenganisha protini hizo juu ya bamba la jeli, kwanza kwa chaji yake ya umeme, kisha kwa ukubwa wake. Kinachoonekana mwishoni ni picha yenye madoa zaidi ya elfu moja, kama anga la usiku wenye nyota.

Celis na wenzake waliifanya picha hiyo kuwa kazi ya maisha. Doa kwa doa, mwaka baada ya mwaka, waliyapima, wakayapa namba, wakatafuta majina yake, wakayaweka katika daftari kubwa ambalo watafiti wengine nao wangeweza kulisoma. Elimu hiyo leo huitwa protiomiki. Mwaka 1994, Marc Wilkins alipobuni neno lililoipa elimu hiyo jina, kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kufanyika Aarhus kwa zaidi ya miaka kumi. Walikuwa kama yule mama wa Injili aliyewasha taa akafagia nyumba nzima kwa ajili ya sarafu moja, isipokuwa wao hawakujua bado ni sarafu ipi waliyokuwa wakiitafuta.

Sehemu kubwa ya daftari hilo ilihusu chembe za ngozi. Mwaka 1991 kundi la Aarhus lilitangaza protini iliyojaa katika ngozi ya watu wenye ugonjwa uitwao soriasisi, nayo ikapewa jina la soriasini. Wakati huo nani angedhani kwamba habari za ngozi zingekuwa na lolote la kusema juu ya kibofu?

Huko Ulaya saratani ya kibofu iliyo ya kawaida huanzia katika utando laini unaokizungushia kibofu kwa ndani, na uvutaji wa sigara ni chanzo chake kikubwa. Iko aina nyingine, adimu kwao, ambayo ndani yake utando huo hubadilika tabia ukaanza kufanana na ngozi. Kundi la Celis lilipochunguza uvimbe wa aina hiyo, liliyaona madoa lililoyafahamu tangu zamani katika daftari la ngozi. Mwaka 1996 watafiti hao walieleza kwamba uvimbe huo hutengeneza soriasini na kuitoa nje, hata ikapatikana katika mkojo wa mgonjwa. Miaka mitatu baadaye walieleza jinsi walivyokata vibofu vilivyoondolewa kwa upasuaji katika vipande vyembamba mno, wakavipita kimoja kimoja kwa kutumia kingamwili zinazotambua protini za ngozi, na hivyo wakayaona mabadiliko katika hatua zake za mwanzo.

Ndugu wapendwa, aina hiyo iliyo adimu kule ndiyo inayotuhusu sisi. Katika nchi zenye kichocho cha mkojo, mayai ya minyoo hunasa katika ukuta wa kibofu na kuusumbua kwa miaka mingi, mpaka utando wake ubadilike. Daktari Ferguson aliandika juu ya uhusiano huo mjini Cairo mwaka 1911, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka minyoo hiyo miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Marehemu wetu alikulia katika majaruba ya mpunga. Alipata kutusimulia, huku akicheka, kwamba utotoni mwao kijana asiyekojoa damu alionekana kuwa bado hajakua.

Basi tumjibu nini binti yake? Yatupasa kusema kweli. Hadi leo hakuna protini moja ya mkojoni iliyochukua nafasi ya kile kifaa ambacho daktari hukiingiza ili kutazama ndani ya kibofu. Soriasini haikuwa kipimo cha kila zahanati. Hata hivyo, kazi ile ilionyesha kwamba utando hubadilika hatua kwa hatua, na kwamba mabadiliko hayo huacha alama. Kwa hiyo jibu ni ndiyo: mara nyingi unaweza kuonekana mapema, ikiwa yupo wa kuutazama.

Na hapa ndipo lilipo deni letu. Karibu mwaka mmoja kabla ya kulazwa, mzee alitusubiri nje ya sakristia baada ya Misa. Alisema: "Padre, siku hizi naamka usiku mara nyingi, na kinachotoka si maji matupu." Akainamisha uso. Tulikuwa na haraka ya kwenda kigango kingine. Tulimwekea mkono begani tukamwambia, "Tutakuombea, Mzee." Na kweli tulimwombea. Lakini hatukumwuliza, "Je, ni damu?" Hatukumwambia aende hospitali, wala hatukumpa mtu wa kumsindikiza. Yeye aliona aibu kusema zaidi, na sisi, tukubali tu, tuliona aibu kuuliza.

Tumewaza sana juu ya watu waliokaa miaka mingi juu ya madoa ambayo hawakujua yangemfaa nani, ilhali sisi doa moja lililetwa mpaka mlangoni petu, tukalipita. Hatuandiki haya ili mtuhurumie. Tumekwenda kwa binti yake na kumweleza yote, jinsi tulivyowaeleza ninyi. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema: "Padre, waambie wengine."

Basi tunawaambieni. Mkojo wenye damu, hata ukitokea mara moja na usiume, si jambo la kusubiri wala la kuonea haya. Uwe mzee au kijana, mwanamume au mwanamke, nenda ukapimwe. Siku ya kugawa dawa za kichocho shuleni, msiwafiche watoto nyumbani. Ni dawa ya kumeza tu, nayo huua minyoo kabla haijaharibu kibofu. Viongozi wa jumuiya, mnapowatembelea wagonjwa, kaeni, ulizeni, kisha ulizeni tena. Nasi tunaahidi kwamba atakayetusubiri nje ya sakristia hatatukuta tena na haraka. Kigango kitangoja.

Tumwombee marehemu wetu pumziko la milele, na tuwaombee wote wanaotafuta kwa uvumilivu katika maabara za mbali. Tunawatakieni wiki njema.