Saa Tisa ya Kornelio

Aghalabu watu wanaponena juu ya Mkristo anayemtanguliza Mungu, humwaza mtu mwenye wasaa: mzee aliyestaafu, au mama ambaye watoto wake wamekwisha kukua, aendaye kanisani asubuhi na jioni pasipo kuulizwa na mtu. Askari si mtu wa namna hiyo. Saa zake si zake. Jumapili yaweza kumkuta langoni, bunduki begani, na Krismasi ikamkuta barabarani akiongoza magari. Mkewe naye, apikaye posho na maharagwe katika kota kwa mshahara unaokwisha kabla ya mwezi, hujiuliza kama dini hiyo ya watu wenye nafasi ni yake pia.

Yafaa basi kumtazama askari ambaye habari zake zimo katika Matendo ya Mitume, sura ya 10. Kornelio alikuwa akida katika jeshi la Kirumi mjini Kaisaria, bandari ambamo liwali wa Uyahudi alikuwa na makao yake. Akida kwa jina alikuwa mkuu wa watu 100, ingawa kwa kawaida walikuwa kama 80. Ni wengi wa kutosha kummaliza mtu siku yake. Hata hivyo yasimuliwa kwamba alikuwa mtu wa sala, aliwasaidia wahitaji, na watu wa nyumbani mwake walikuwa pamoja naye katika jambo hilo.

Saa yake ya sala inayotajwa ni saa tisa, ndiyo saa tisa ileile ya alasiri wanayoihesabu Waswahili, kwa maana watu wa nchi zile walihesabu saa za mchana tangu mapambazuko. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hana haja ya kujumlisha wala kutoa. Wayahudi nao walikuwa wakisali saa hiyo hekaluni Yerusalemu, naye Kornelio, mgeni mwenye sare ya watawala, aliifuata akiwa kwake. Hakuambiwa na mtu kwamba aache jeshi ndipo asali. Alichokuwa nacho ni saa inayojulikana, na nyumba nzima ikiijua.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Huko kambini yuko mama ambaye ameshika mikesha mitatu kwa juma, na watoto wake hulala kwa jirani, wakaenda shule bila chai. Akiulizwa, hujibu kwamba Mungu ni wa kwanza. Yuko na baba ambaye hajapata kuwasomea watoto wake hata mstari mmoja, naye akiulizwa hutaja zamu, kana kwamba zamu humfuata mpaka siku ya mapumziko anayoimaliza mesini. Hao wawili hulaumiana sana, lakini ugonjwa wao ni mmoja. Kila mmoja ameitumia kazi yake, ya kanisa au ya serikali, kuikimbia nyumba.

Jambo la fedha ni zito zaidi, na latakiwa lisemwe waziwazi. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, kama ilivyoandikwa katika Injili ya Luka, sura ya 3, hakuwaamuru wavue sare. Aliwakataza kunyang'anya watu mali zao, akawakataza kuwasingizia, na akawataka waridhike na malipo yao. Ni ajabu jinsi jibu hilo linavyogusa kizuizi cha barabarani hata leo. Sadaka iliyotoka katika mfuko wa dereva aliyesimamishwa bila kosa, ijapotiwa katika bahasha safi, bado ni mali ya yule dereva. Na mke anayepokea fedha ambazo anajua mshahara haukuzizaa, asiulize, naye anashiriki. Kuuliza huko si kazi nyepesi: nyumba nyingi zimelipa mkopo wa mshahara kwanza, kisha karo, na kilichobaki hakijazi kikapu. Mke atakayesema, "Baba Fulani, na tule maharagwe matupu mwezi huu," amefanya tendo la imani kubwa kuliko mkesha. Lakini mume naye sharti amwonyeshe hati ya mshahara, maana hawezi kuridhika na kiasi asichokijua.

Uganda ina shahidi wa jambo hili ambaye hakuwa padri. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa msimamizi wa watumishi wa ndani katika jumba la Kabaka Mwanga, mtumishi wa dola kwa kila hali, na bwana wake alimtegemea. Aliwalinda vijana waliokuwa chini yake wasitumiwe kwa tamaa za Kabaka. Mwezi wa Oktoba 1885 Askofu James Hannington alipouawa Busoga kwa amri ya Kabaka, Balikuddembe alimwendea bwana wake akamlaumu. Na itazamwe vema: yeye alikuwa Mkatoliki, na askofu yule alikuwa wa Kanisa la Kiingereza. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa. Karoli Lwanga aliyeshika mahali pake aliteketezwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Watu huadhimisha vifo hivyo kwa haki, lakini hukumbuka kwa nadra ile miaka iliyotangulia, ambayo Balikuddembe aliitumia kuamka mapema na kutunza mali ya bwana wake bila kuiba. Ni kazi hiyo iliyompa neno lake uzito siku aliyokataa.

Zamani ambapo baba alirudi kila jioni, saa ya nyumba ilikuwa rahisi. Tangu mwaka 2007 askari wa Uganda wamekuwa wakitumwa Somalia, na familia nyingi zimejifunza kuishi bila baba kwa miezi mingi. Baadhi yao wamepatana saa moja ya sala, kwa mfano saa tatu usiku. Mogadishu na Kampala hufuata saa ileile, hivyo hakuna hesabu ya kufanya. Simu ikipatikana, baba husikia sauti za watoto. Isipopatikana, mama huwakusanya vilevile mkekani, na mdogo kuliko wote ndiye anayepewa kulitaja jina la baba.