Kitengela: Maji ya chumvi yanapogeuka neema

Iwapo umewahi kuabiri matatu jijini Nairobi kuelekea Namanga, bila shaka umepita Kitengela. Ukiacha nyuma viwanda vya saruji vya Athi River, unaingia katika mji uliojengwa kwa haraka kwenye nyanda ambazo si zamani sana zilikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai na njia ya nyumbu kutoka Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Siku hizi ni maduka ya mabati na saruji, vibanda vya nyama choma na nyumba za ghorofa. Na popote utakapotupa macho, msomaji, hutakosa kuona lori la maji.

Maji ndiyo habari ya Kitengela. Mengi hutoka visimani, na wenyeji huyaita maji ya chumvi. Jaribu kufulia nguo: utasugua sabuni hadi mkono uume na povu litoke kwa shida. Chungulia ndani ya birika: utakuta ukoko mweupe kama chokaa. Mgeni akikaribishwa chai huitambua ladha ile kabla hajaambiwa lolote.

Ungedhani basi kwamba hapa si mahali pa kufugia samaki. Nami nilidhani hivyo, hadi binti yangu wa miaka tisa alipopewa tangi dogo la vioo, nasi tukaliweka sebuleni.

Kuzaa, si kutaga

Samaki wengi hutaga mayai. Wapo wachache, hata hivyo, ambao mayai yao huanguliwa ndani ya mwili wa mama, na mtoto hutoka akiwa hai, akijua kuogelea na kujificha. Wavuvi wa Pwani hawashangazwi na jambo hilo, maana baadhi ya papa huzaa. Katika matangi ya nyumbani, wazazi mashuhuri ni gapi, moli, plati na yule anayeitwa mkia-upanga. Asili yao wote ni Amerika. Gapi alipata jina kwa Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao London kutoka kisiwa cha Trinidad katika miaka ya 1860.

Sasa sikiliza jambo ambalo muuzaji huenda asikuambie. Samaki hawa wanaozaa hupenda maji magumu, yaani yale yenye madini mengi. Moli ndiye aliyezidi wote. Huko kwao huishi hata mahali mito inapokutana na bahari. Maji yale yale yanayokunyima povu la sabuni, yeye huyaona ni ya nyumbani.

Sisi hatukulijua hilo. Mvua za Aprili ziliponyesha, tulikinga maji safi kutoka kwenye paa la mabati. Kwa huruma tukasema, hebu nao samaki wapate maji matamu. Tukamwaga ya kisima yote, tukajaza ya mvua. Siku ya pili moli walikuwa wamekunja mapezi, wakitikisika pale pale bila kwenda mbele wala nyuma, kama mtu mwenye homa ya baridi. Katika tisa tuliokuwa nao, sita walikufa kabla ya juma kwisha. Binti yangu aliwazika chini ya mti mmoja mmoja, na kila jioni aliniuliza ni kosa gani walilofanya. Kosa halikuwa lao. Tuliwatendea wema bila kuwajua.

Ukitaka wakuzalie

Ikiwa nawe una hamu ya kuwafuga, msomaji, anza na maji. Uliza yanatoka wapi. Yakiwa ya mfereji wa mjini yenye dawa ya klorini, yaache kwenye ndoo iliyo wazi usiku kucha. Kila juma badilisha robo tu, na maji mapya yawe na joto sawa na ya tangi. Tangi jipya lisijazwe samaki siku moja. Liache majuma kadhaa likiwa na samaki wachache mno, ili bakteria wanaosafisha uchafu wao wapate kuongezeka.

Pili, angalia baridi. Kitengela iko juu, na usiku wa Julai si wa mchezo, ilhali samaki hawa hufurahia nyuzi 24 hadi 27. Kipasha-maji kidogo cha umeme kinatosha. Stima ikipotea, funika tangi kwa blanketi.

Tatu, weka majike wawili au watatu kwa kila dume, la sivyo jike mmoja atafukuzwa hadi achoke. Kumtambua dume ni rahisi: pezi lake la chini, nyuma ya tumbo, limekuwa kama kijiti. Jike hubeba mimba kwa karibu mwezi mmoja. Tumbo hunenepa, na doa jeusi karibu na mkia huzidi kukolea. Usishangae jike uliyemnunua peke yake akizaa tena na tena, kwani anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa.

Siku ya kuzaa ndipo mtihani. Mama hana huruma; akiwa na njaa huwala wanawe mwenyewe. Weka majani mengi ya majini, au fungu la nyuzi za sufu bandia zisizotoa rangi, ili watoto wapate pa kujificha. Walishe chembe za kiini cha yai lililochemshwa, kidogo sana, mara kadhaa kwa siku.

Tulirudi kwenye maji ya lori, na wale watatu waliosalia wakapona. Baada ya miezi michache tulihesabu watoto 43.

Lakini nakuonya, mzazi mwenzangu: yanayomfaa samaki si lazima yamfae mtoto. Visima vingi vya Kajiado vina floridi kupita kiasi, na Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi hapo, meno ya watoto wanaokua huingia madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Kuchemsha hakuiondoi floridi. Yale maji ya mvua tuliyowaua nayo samaki, sasa ndiyo tunayoyachemsha na kuwapa watoto wanywe.

Safari ya Magadi

Jumamosi moja nikaamua kumwonyesha binti yangu samaki wa kwetu Kajiado. Kutoka Kitengela tulienda hadi Isinya, tukakata kulia kuelekea Kiserian, kisha tukashika barabara ya Magadi. Ukifika Kona Baridi upepo hukupiga usoni, na Bonde la Ufa likafunguka mbele yako. Kutoka hapo ni kuteremka tu, na joto likizidi kila kilomita. Zamani mtu angeenda kwa gari la moshi, kwani reli ya magadi ilijengwa kutoka Konza kupitia mji wa Kajiado, ikakamilika miaka ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Ziwa lenyewe ni uwanja wa magadi meupe na mekundu. Kandoni kuna chemchemi za maji moto, makali kwa magadi, na ndani yake wamo samaki wadogo, wengi urefu wa kidole. Ni jamaa wa tilapia, na asili yao ni hapa. Huvumilia maji ya nyuzi 40. Kwa kuwa maji hayo hayawaruhusu kutoa uchafu wao kama samaki wengine, wao hutoa urea, kama iliyo katika mkojo wako na wangu. Hawazai, lakini mama huyatunza mayai na wanawe kinywani. Binti yangu aliinama akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Huyu hali wanawe."

Akaomba tubebe wawili. Nilikataa, nikamsimulia habari ya Nakuru. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, samaki wa Magadi walipelekwa Ziwa Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu. Wakazaana, na ndege aina ya mwari wakawafuata kwa maelfu. Samaki wachache tu waliligeuza ziwa zima.

Nilikuwa na sababu ya kumwambia hayo. Tangi letu lilikuwa limefurika, naye alikuwa amependekeza tuwaachilie watoto wale katika Mto Kitengela wapate uhuru. Mto huo humwaga maji yake Mbagathi, Mbagathi huenda Athi, na Athi hufika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Gapi wamekwisha kusambazwa katika nchi nyingi kwa ajili ya mbu, na mahali pengi wakawa taabu kwa samaki wenyeji. Mlango ukishaufungua huwezi kuwaita warudi.

Tulirudi nyumbani jioni. Jumapili tuligawa: kumi na wawili kwa shule, wengine kwa majirani, na waliobaki tukampa mwenye duka la samaki. Majike na madume tumewatenga sasa ili wapunguze kuzaa. Jirani wa mwisho alikuja na chupa mkononi, akauliza kama awaandalie maji matamu ya dukani.

"Hapana, mama," binti yangu akamjibu kwa adabu. "Wape ya lori. Na usibadilishe yote kwa siku moja."