Barabara ya Lushoto na umri wa tairi linalombeba mwanao

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mombo mkoani Tanga imeshaamka. Mama lishe wanapuliza moto, na vijana wa bodaboda wamepanga pikipiki zao kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Mbele yao milima ya Usambara imesimama kama ukuta, vilele vikiwa ndani ya ukungu. Kutoka hapa hadi Lushoto mjini ni takriban kilometa 33 za lami, na sehemu kubwa ni ya kupanda.

Kijana mmoja amechuchumaa nyuma ya pikipiki yake. Hakagui injini wala hapangusi taa. Anapitisha kidole gumba kwenye tairi la nyuma, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba. Tairi hilo lina miezi mitatu na mistari yake imeshaanza kufutika katikati. Mwenzake anamcheka. Lake ni la aina hiyohiyo, kutoka duka hilohilo, lina miezi saba na bado linatembea.

Ukiwauliza sababu, kila mmoja ana yake. Mmoja atasema tairi za siku hizi ni feki, mwingine atasema ni bahati. Ukipanda nao mlima ndipo unapoona kwamba umri wa tairi hautoki dukani peke yake. Unatokana na njia, mzigo, upepo, mkono wa dereva na, mwisho wa yote, mfuko wake. Kwa mzazi ambaye kila asubuhi anamkabidhi dereva huyo mtoto wake, ni jambo la kujua.

Bondeni, kwenye joto

Yule wa miezi saba anafanya kazi zake chini. Anabeba abiria mmoja mmoja kutoka stendi kwenda kwenye mashamba ya mpunga na mkonge, safari fupi, ardhi tambarare. Hashiki breki mara nyingi. Jioni anaegesha pikipiki kivulini. Kwa mtu wa namna hii tairi hudumu.

Adui yake mkubwa ni joto, na joto hilo halitoki juani tu. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto ndani ya mpira. Mpira wenye joto kali huchakaa haraka, na kuta za pembeni huanza kuchoka kabla mistari haijaisha. Ndiyo maana dereva mzoefu hupima upepo asubuhi, tairi likiwa la baridi. Baada ya safari ndefu kipimo hudanganya, kwa sababu hewa iliyopata joto husukuma zaidi.

Hesabu ya mwendo nayo ni rahisi. Dereva anayekwenda kilometa 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anafikisha kilometa 1,040. Anayekwenda kilometa 120 kwa siku anafikisha 3,120. Tairi lililompa wa kwanza miezi tisa litampa wa pili miezi mitatu tu, hata kama wote wanaendesha kwa adabu. Kwa hiyo ukiambiwa tairi lina miezi miwili, bado hujaambiwa kitu. Uliza limetembea wapi.

Kona za Soni

Baada ya Mombo barabara inaingia kwenye korongo. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni bonde lenye mto unaosikika kabla ya kuonekana. Kona zinafuatana bila kupumzika, na malori ya kabichi na karoti yanashuka taratibu yakielekea masoko ya Dar es Salaam. Hewa inabadilika. Abiria aliyetoka Mombo akiwa amekunja mikono ya shati anaikunjua kabla ya kufika Soni, penye maporomoko ya maji na wauzaji wa matunda damu na pea.

Huku ndiko yule kijana wa miezi mitatu anakomalizia matairi yake. Anapopanda, tairi la nyuma ndilo linalosukuma pikipiki, dereva na abiria kwenda juu, tena likiwa limebeba sehemu kubwa ya uzito. Ndiyo maana karibu kila mahali tairi la nyuma huisha kabla ya la mbele. Anaposhuka kazi inageuka: uzito unaegemea mbele, na breki zinashikwa kona baada ya kona. Dereva mgeni wa mlima hukanyaga breki ya nyuma kwa nguvu mpaka gurudumu linafunga na kuburuzika. Kila mburuzo hukwangua kipande cha mpira. Dereva mwenyeji hupunguza gia mapema, huiacha injini imzuie, na breki anaigusa tu. Wawili hao wakianza na matairi mapya siku moja, hawatayabadilisha siku moja.

Wasafiri wa pikipiki kubwa, wale wanaovuka nchi na nchi wakiwa na masanduku pembeni, wanaijua habari hii. Matairi yao hutengenezwa kwa ajili ya safari ndefu na bei yake ni kubwa, lakini mmoja hubadilisha la nyuma baada ya kilometa elfu nane na mwingine hufika elfu kumi na tano au zaidi kwa tairi la aina hiyohiyo. Kinachowatofautisha ni mizigo, mwendo, lami na upepo. Sheria ya mpira ni moja, iwe pikipiki ni ya msafiri au ya kijiwe cha Soni.

Njia za vumbi na magunia

Kupita Lushoto mjini, njia inapanda kuelekea msitu wa Magamba, kisha Lukozi na Mlalo. Huku pikipiki inageuka punda. Asubuhi inabeba wanafunzi, mchana inabeba viazi, kabichi na mbao. Njia zinazoingia vijijini ni za udongo mwekundu na mawe, na kwenye udongo lami haikusaidii tena. Mawe hung'oa vijipande vya mpira, na vijiti vyenye ncha hutafuta tyubu.

Mzigo ndio unaofupisha maisha ya tairi kuliko vyote. Kila tairi limetengenezwa kubeba uzito fulani. Ukizidisha, linalala, linapata joto, na kuta zake zinapasuka nyufa ndogo ambazo mtu asiyeinama hazioni. Dereva anayebeba gunia kubwa mchana na kisha watoto watatu jioni, mshikaki, anatumia tairi moja kwa kazi ambayo halikuumbiwa. Na mshikaki si kosa la barabarani tu. Mtoto wa tatu anakaa nyuma kabisa, juu ya tairi lililochoka kuliko yote, bila pa kukanyaga wala pa kushika.

Masika inapofika

Katika lami kavu, tairi kipara linaweza kumdanganya dereva kwa wiki nyingi, kwa sababu bado linashika. Hatari inakuja na mvua. Mistari ya tairi ipo ili maji yapate pa kupitia na mpira uguse barabara. Mistari ikiisha, maji na tope jembamba vinabaki katikati ya mpira na lami. Pikipiki inashikilia barabara kwa sehemu mbili tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja. Sehemu moja ikiteleza kwenye kona, hakuna gurudumu la tatu la kuokoa.

Mpira mwembamba pia hutobolewa kwa urahisi. Tairi la nyuma likiishiwa upepo ghafla wakati wa kushuka, pikipiki huanza kuyumba mkia, na abiria mdogo ndiye anayetupwa wa kwanza.

Kinachofuata wahudumu wa hospitali wanakijua: mguu uliovunjika chini ya goti, ngozi iliyochunika, kichwa kilichogonga lami. Kofia ngumu iliyofungwa vizuri hupunguza hatari ya jeraha la kichwa kwa karibu asilimia 70. Lakini kofia inafanya kazi baada ya kuanguka. Tairi linafanya kazi kabla.

Tairi na hesabu ya bosi

Kwa nini basi dereva aendeshe tairi kipara akijua? Kaa kijiweni saa moja utapata jibu. Wengi wao pikipiki si zao. Kila jioni wanapeleka hesabu kwa mwenye chombo, na mara nyingi mafuta, pancha na matairi ni juu ya dereva. Siku ikiwa mbaya, hesabu haipungui. Kinachosubiri ni tairi. Linasukumwa wiki moja, kisha nyingine, kisha linachorwa upya mistari kwa kisu cha moto ili lionekane jipya, ingawa mpira unazidi kuwa mwembamba.

Hapo ndipo umri mrefu unapokuwa habari mbaya. Tairi lililodumu mwaka mzima mlimani linaweza kuwa tairi ambalo mtu hakupata fedha ya kulibadilisha.

Soni yupo mama mwenye watoto wawili ambao shule yao iko mbali na nyumbani. Alikuwa akilipa nauli kila siku. Asubuhi moja, mvua za masika zikiwa zimeanza, aliinama akaangalia tairi.

"Mwanangu, hili tairi mbona limekuwa kama sahani?" aliuliza.

"Mama, najua. Nikipata mwisho wa mwezi nabadilisha."

"Mwisho wa mwezi mvua itakungoja?"

Hakumfokea. Siku hiyo watoto walitembea kwa miguu na wakachelewa. Jioni alimwita kijana, wakakubaliana: nauli ya mwezi mzima atalipa mwanzoni, na fedha hiyo iende kwenye tairi la nyuma kwanza. Pia watoto wasibebwe pamoja. Mmoja atatangulia, mwingine atafuata. Kwa mama ilikuwa fedha ileile, ila imetoka mapema. Kwa kijana ilikuwa tofauti kati ya tairi jipya na maombi.

Mzazi aangalie nini

Huhitaji kuwa fundi. Dakika moja kabla ya mtoto kupanda inatosha.

Angalia tairi la nyuma kwanza, kisha la mbele. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijituta vidogo vya mpira. Tairi likichakaa hadi kuwa sawa na vijituta hivyo, limefika kikomo. Ukiona nyuzi, hakuna mjadala.

Tazama kuta za pembeni. Nyufa, uvimbe au sehemu iliyokatika ni dalili kwamba tairi limechoka hata kama mistari ingalipo.

Soma tarehe. Pembeni mwa matairi mengi kuna tarakimu nne za mwisho ndani ya kisanduku. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani juani miaka mingi linaweza kuuzwa kama jipya huku mpira wake umekakamaa.

Muulize dereva amepima upepo lini. Watengenezaji hutoa vipimo viwili, cha dereva peke yake na cha dereva akiwa na abiria. Anayejua tofauti hiyo anaijua kazi yake.

Jua njia yake. Dereva wa bondeni anayeletwa mlimani kwa siku moja anaweza kuwa na tairi zuri na mkono usiozijua kona.

Na umri wa mtoto mwenyewe uangaliwe. Kanuni za Tanzania haziruhusu bodaboda kubeba mtoto wa chini ya miaka 9. Mtoto ambaye miguu yake haifiki pa kukanyaga hawezi kujishikilia pikipiki inapoyumba, hata tairi likiwa jipya kabisa.

Yote haya yafanyike kwa heshima. Dereva anayeaibishwa mbele ya kijiwe atatafuta abiria asiyeuliza. Anayeulizwa kama mshirika atakwambia ukweli, pengine hata ule unaohusu fedha.

Jioni ukungu unarudi Usambara, na pikipiki zinashuka kutoka Lushoto moja moja, taa zikiwaka mapema kabla ya giza. Kwenye kona ya Soni dereva mmoja anapunguza gia, anaegemea kidogo, anapita. Nyuma yake mtoto wa sare ya shule amekumbatia mkoba kwa mkono mmoja na jaketi la dereva kwa mwingine. Tairi la nyuma linaacha alama kwenye lami yenye unyevu, na mistari yake inasomeka vizuri.