Chui wa kwenye katoni na bui ya nyumbani

Huku kwetu Katanga mahindi ndiyo maisha. Asubuhi bui, mchana bukari. Na kwenye mfuko wa unga unaovuka Kasumbalesa kutoka Zambia mara nyingi utasoma neno «Breakfast», yaani chakula cha asubuhi. Wazambia huita hivyo unga wao mweupe na laini wa daraja la juu. Ule wenye pumba huitwa «Roller». Sisi tunaupikia bukari saa nane ya mchana bila kujali jina.

Lakini kuna mahindi mengine kwenye rafu za maduka ya Likasi, na hayo hayauzwi kwa kilo. Yamepondwa yakawa kama majani makavu, yakapakwa sukari, yakatiwa kwenye katoni yenye picha ya mnyama anayecheka. Ni mahindi yale yale, ndugu msomaji. Kinachonunuliwa ni yule mnyama, na hapa Koni nimeona watoto wanaosukuma sahani ya bui kwa ajili yake.

Nilianza kutafuta wanyama hawa walitoka wapi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa redio, nilifurahi kukuta redio humo ndani. Corn Flakes zilianza biashara mwaka 1906 katika mji wa Battle Creek, Marekani. Mwenye kampuni alikuwa Will Keith Kellogg, mdogo wake daktari John Harvey Kellogg. Daktari alitaka chakula cha wagonjwa. Mdogo wake alitaka chakula cha kuuza, na sukari ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowagombanisha. Kabla yao, mwaka 1902, nafaka iitwayo Force ilikuwa imejipatia mzee mchangamfu, Sunny Jim. Watu walimpenda Sunny Jim sana, lakini nafaka yenyewe haikununuliwa kama alivyopendwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 tangazo la Rice Krispies liliiga redioni sauti ya mchele unapopasuka ndani ya maziwa: snap, crackle, pop. Mchoraji Vernon Grant alilisikia, akashika kalamu, akachora vijitu vyenye kofia. Kwa hiyo sauti ilitangulia, sura ikafuata. Wenzangu wa studio nilipowasimulia walidai tuanze kulipwa na wachoraji.

Chui mwenyewe, yule mwenye milia aitwaye Tony, alizaliwa 1952. Nafaka yake iliitwa Sugar Frosted Flakes. Miaka ya 1980 neno sukari likaondolewa kwenye jina. Ndani ya katoni sukari ilibaki. Sauti yake nzito kwenye televisheni ilikuwa ya mwimbaji mmoja, Thurl Ravenscroft, kwa zaidi ya miaka 50, mpaka alipofariki mwaka 2005. Mtu anaweza kulisha nusu ya dunia kwa koo lake na hakuna anayemjua sura.

Si kila sura ya asubuhi ilikuwa ya mnyama. Hapo ndipo hadithi inatugusa sisi Waafrika. Banania, unga wa Kifaransa wa kakao, ndizi, nafaka na sukari, ulianza 1912. Mwaka 1915, vita vikiwaka, kampuni ikamweka kwenye tangazo askari mweusi mwenye kofia nyekundu, anacheka na kijiko mkononi, chini yake Kifaransa kilichovunjwa: «Y'a bon». Huyo alikuwa tirailleur wa Senegal, aliyepelekwa kuifia Ufaransa. Mwaka uliofuata babu zetu wa Force Publique waliingia Tabora, nao kwa miguu na mizigo kichwani. Senghor, katika kitabu chake Hosties noires cha 1948, alisema atakirarua kicheko hicho kwenye kuta zote za Ufaransa. Hata hivyo maneno yale yalidumu, hadi mahakama ya rufaa ya Versailles ilipoamuru mwaka 2011 yasitumiwe tena. Karibu karne nzima! Ninapoona uso unaocheka kwenye chakula, siku hizi nauliza kwanza: anacheka kwa faida ya nani?

Chile walijibu kwa sheria. Tangu 2016, chakula chenye sukari nyingi kupita kiasi hakiruhusiwi kuwa na picha za kuvutia watoto, na chui akatolewa kwenye katoni. Mexico nao wakafuata njia hiyo. Si ukali wa bure. Mwaka 2010 watafiti wa Yale waliwapa watoto 40 wa miaka minne hadi sita chakula kile kile, kimoja na picha ya katuni, kingine bila. Wengi walisema chenye picha ni kitamu zaidi. Kwa karoti tu ndipo picha haikuwa na nguvu sana.

Nina sababu ya kufuatilia haya. Mtoto wa mdogo wangu, miaka minne, alipimwa mwezi uliopita akaonekana mwepesi. Muuguzi alimwambia mama yake: bui nzito, tia soya, tia karanga, tia samaki mkavu aliyesagwa. Mtoto alikuwa amekwisha kuona katoni ya chui kwa jirani. Bui akaikataa. Mama yake, kwa huruma, akanunua katoni moja kwa pesa ambayo ingetosha unga wa bukari wa siku tatu. Iliisha kwa siku mbili, maana watoto wa lupango lote walikuja kumsalimia chui. (Mtoto anamwita Léopard, kama timu ya taifa. Nilimweleza kwamba huyu mwenye milia si wa Afrika; hakunisikiliza.)

Nkambo wake ndiye aliyeokota katoni tupu. Alikaanga mahindi, soya na karanga, akatwanga, akamimina humo. Kila asubuhi anaitikisa mbele ya mtoto, anamwaga kwenye maji ya moto, anakoroga. Mtoto anamaliza sahani.

Nilimwambia nkambo kwamba tunamfundisha mtoto kuamini chakula kinatoka kwa chui. Akanijibu: «Baba, huyu sasa anafanya kazi kwangu, na simlipi.»

Pembe za katoni zimeanza kulegea, amezifunga kwa uzi. Kwenye mizani tunarudi Alhamisi.