Musuku: kutoka desturi ya kuacha hadi desturi ya kupanda

Kila mwaka mvua ikisha kuanza, mabeseni ya masuku yanapangwa kando ya barabara zinazoingia Lubumbashi. Tunanunua, tunapasua ganda, tunafyonza utamu wake wa manjano, tunatema mbegu. Lakini nikiuliza wanafunzi wangu mti wenyewe uko namna gani, wengi wananyamaza. Tunda wanalijua, mti hawaujui.

Kwetu nyumbani, marehemu nkambo alikuwa akisema: «Masuku hawaipandake, ni ya Mungu.» Neno lile halikuwa la uvivu, lilikuwa sheria. Mtu akifungua shamba porini alikata miti mingine, lakini musuku aliuacha umesimama katikati ya mihogo. Matunda yaliyoanguka yalikuwa ya mpita njia, ya mtoto na ya mjane. Hiyo ndiyo desturi tuliyopokea: kuacha.

Leo kuacha peke yake hakutoshi. Mji unapika kwa makala kila siku, na pori linazidi kurudi nyuma. Utaacha nini pale ambapo hakuna kitu kilichobaki?

Katika lupango yetu kuna misuku miwili ambayo baba hakuikata alipojenga. Mmoja unazaa, mwingine hauzai. Katika kikao cha jamaa, wakati pesa ya masomo ya batoto ilikuwa haijapatikana, yaya yangu alisema: «Ule muti haizae hata siku moja. Tuikate, tupate mifuko ya makala.» Wengi waliona ana haki. Mie ninafundisha biolojia, basi nikaomba neno. Musuku una mti dume na mti jike. Maua ya dume, madogo, ya manjano, hayageuki tunda, lakini bila chavuo chake, inayobebwa na wadudu, jike nalo halizai. Nikamwambia: «Yaya, tukiua bwana, bibi atazaa na nani?» Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alisema ni masuku ya ule mti jike yaliyotununulia makaye tulipokuwa wadogo. Mti haukukatwa; pesa tuliitafuta njia nyingine.

Tena si sisi watu tu tunaoungoja mti huu. Ndege na nyani wanakula matunda yake. Huko Kasanka, nchini Zambia, si mbali na mpaka wetu, popo wengi sana hukusanyika kuanzia Oktoba hadi Desemba, na usiku wanatafuta masuku na matunda mengine ya pori. Watafiti waliwafunga baadhi yao vyombo vya kufuatilia kwa satelaiti, wakaona wengine wanaingia Kongo. Kwa popo, mpaka si kitu. Anachohitaji ni mti wenye tunda.

Je, musuku unapandika? Unapandika, ila una masharti yake. Mbegu ipandwe mbichi, maana ikikauka inakufa upesi. Kwenye mfuko wa mche, changanya udongo uliochotwa chini ya musuku mkubwa. Ndani ya udongo ule mna kuvu wanaoishi pamoja na mizizi na kuisaidia kupata chakula. Bila wao mche unadumaa. Ni ukoo mmoja na bowa tunazookota porini wakati wa mvua. Halafu panda michache pamoja, si mmoja, kwa sababu huwezi kujua dume na jike mpaka itoe maua. Na uwe na subira: mti uliotoka kwenye mbegu unaweza kuchukua miaka 10 kabla ya kuzaa. Nchini Malawi watafiti wamefaulu kupunguza muda huo kwa kuunganisha kikonyo cha mti unaozaa na mche mchanga.

Miaka 10 ni mingi kwa mwenye njaa ya leo. Lakini mtoto anayeanza shule ya msingi mwaka huu atakula matunda yake kabla hajamaliza sekondari. Nkambo alitunza kilichopandwa na Mungu. Sisi tumtii kwa namna nyingine: mbegu unayotema msimu ujao, iokote.