Mgeni Mlangoni pa Shule

Kila mwaka mwezi wa Septemba, shule zinapofunguliwa, sisi watu wa Kama twaona nyuso mpya kati ya wazazi. Huyu ni mke wa mwalimu aliyetoka Kisangani; yule mumewe ni muuguzi, wametoka Bukavu; wengine wamefuata dhahabu ya eneo letu la Pangi. Baba hana shida kubwa, maana kazi yake yamngoja. Mtoto naye, kabla ya juma kwisha, amekwisha kujua nani ana mpira. Mama ndiye abakiye nje. Hajui siku ya soko, hajui kisima kipi kina maji mazuri, na akisikia Kirega hudhani anasengenywa.

Jambo hili si dogo. Mama akikosa raha, nyumba nzima hufunga mizigo. Na mwalimu akiondoka katikati ya mwaka, darasa la tano hubaki na ubao mtupu. Hapo anayepata hasara ni mtoto wetu.

Wenye uwezo walilifahamu jambo hili zamani. Huko Moshi, Tanzania, hospitali kubwa ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971. Lakini shule ya kimataifa ilikuwa imekwisha kuanzishwa mwaka 1969, kwa ajili ya watoto wa watumishi wa hospitali hiyo, maana daktari wa ng'ambo haji peke yake. Tangu 2019 shule hiyo yaitwa UWC East Africa. Katika shule za namna hii wazazi waliotangulia huwapokea wapya, huwaonyesha duka, zahanati na fundi. Ni kazi njema. Lakini twaona upungufu mmoja: mgeni aweza kukaa miaka 5 kati ya wageni wenzake, asijue jina la jirani aliye nyuma ya ua.

Sisi hatuna shule ya namna hiyo. Tunayo shule yetu ya Kikatoliki na komite yake ya wazazi. Zamani mikutano ya komite ilikuwa karibu yote habari za franka. Tangu 2019, serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo, fedha haijatoka kabisa mkutanoni, lakini mambo mengine nayo yamepata nafasi.

Basi twamwomba mama mmoja wa darasa lile lile ampeleke mgeni sokoni, si mara moja bali mara mbili, kwani mara ya kwanza mgeni huogopa kuuliza bei. Injili yasimulia jinsi Familia Takatifu ilivyokimbilia Misri, wala haisemi ni nani aliyemwonyesha Maria kisima. Lakini yuko aliyemwonyesha.

Tena tumeona kwamba karamu haitoshi. Mgeni aliyelishwa wali na sombe siku ya kwanza angali mgeni siku ya pili. Lakini aliyeombwa kushona mavazi ya kwaya ya shule, watu humtafuta na kumbishia hodi. Ile methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu, wengi huitumia kumfukuza mtu. Sisi twaona jembe ndilo kiti chake.

Wako wazee wanaomtazama mgeni mara mbili, nao wana sababu. Kiswahili chenyewe tunachomkaribishia kilikuja Maniema na misafara ya pwani katika karne ya 19. Misafara hiyo ilileta mchele, ikaleta na minyororo. Mwezi wa Julai 1871 Livingstone alishuhudia watu wakiuawa sokoni Nyangwe. Hatuwezi kuwaambia wazee wasahau. Twawaambia tu kwamba mke wa muuguzi hakuja na bunduki.

Walio wagumu zaidi ni wale waliofuata dhahabu. Leo wako hapa, kesho mgodi umekauka, wamehama, na jina la mtoto limefutwa daftarini. Wenzetu wengine husema, mbona kujisumbua kwa watu wa kupita? Sisi hatukubali. Mtoto wa mchimbaji akikaa darasani miezi 3 tu, mama yake ana miezi 3 ya kuchota maji, na kisima chenyewe kiko mbali na kambi.