Magamba kichwani mwa mtoto si uchafu, wala si mba tu

Kuna maradhi ambayo mzazi huyajua kwa jina lake tangu siku ya kwanza, na kuna mengine hukaa ndani ya nyumba miaka miwili yakiitwa jina lisilo lake. Soriasisi ya kichwani ni ya kundi hili la pili. Huanza kama unga mweupe mabegani mwa sare ya shule, mzazi akasema ni mba. Huongezeka ikawa magamba, jirani akasema ni mapunye. Ikifika kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, watu huacha kusema mbele ya mzazi na kuanza kusema pembeni.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja mkazi wa Mbagala, jijini Dar es Salaam, na binti yake aliyekuwa darasa la tano. Mama alifanya kila alichoambiwa. Alibadilisha sabuni. Alimnyoa mtoto kipara. Alinunua dawa ya fangasi ya kupaka, ikaisha, akanunua nyingine. Kila Jumapili alimkalisha kwenye kigoda uani na kumsugua kichwa kwa dodoki mpaka magamba yatoke. Na kweli yalitoka, pamoja na damu. Kufikia Jumatano yalikuwa yamerudi, mazito kuliko ya mwanzo.

Siku moja mtoto alirudishwa nyumbani kabla ya mapumziko, na maagizo kwamba akaoshwe kichwa vizuri. Neno lililomuuma mama ni hilo “vizuri”, kwa sababu hakuna kichwa kilichooshwa mtaani kwao kuliko kile. Jioni binti aliuliza, “Mama, kwani mimi ni mchafu?” Kesho yake walikwenda kituo cha afya, na huko wakapewa rufaa ya kliniki ya ngozi.

Kinachotokea kwenye ngozi

Ngozi ya binadamu hujibadilisha kila siku. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda juu taratibu, na baada ya takriban mwezi mmoja hudondoka bila mtu kuziona. Kwa mwenye soriasisi, kinga ya mwili huchochea ngozi kufanya kazi kwa pupa. Safari ile ya mwezi mmoja hukamilika kwa siku chache tu, kama 3 au 4. Seli hazipati muda wa kukomaa na kudondoka, hivyo hurundikana moja juu ya nyingine. Mrundikano huo ndio magamba.

Kwa hiyo chanzo hakiko kwenye maji, sabuni wala usafi wa nyumba. Hakuna kijidudu cha kuua, na hakuna cha kumwambukiza mwingine. Mtoto mwenye soriasisi anaweza kulala kitanda kimoja na mdogo wake, kutumia chanuo lilelile na kukaa dawati moja na wenzake, na asimpe mtu yeyote ugonjwa huo.

Hutembea kwenye koo, ingawa si kila mwenye ndugu anayeugua naye ataugua. Daktari alipouliza kama kuna mtu katika familia mwenye ngozi ya namna ile, mama alikuwa tayari ametikisa kichwa kukataa alipomkumbuka baba yake mzazi. Mzee yule alikuwa na magamba meupe kwenye viwiko miaka yote, na nyumba nzima ilisema ni ukavu wa uzee.

Jambo gumu zaidi kumeza ni kwamba haina dawa ya kuiondoa moja kwa moja. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linaloitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu, usioambukiza na usio na tiba ya kuumaliza. Lakini hutulizwa. Mtu anaweza kukaa miezi mingi kichwa kikiwa safi kabisa, kisha ukarudi, ukatulizwa tena.

Mba, mapunye au soriasisi?

Kosa la jina huleta kosa la dawa. Mba wa kawaida huwa na unga laini, wenye mafuta kidogo, uliosambaa kichwa kizima. Mapunye ni fangasi. Nywele hukatika na kuacha mabaka, watoto huambukizana, na mara nyingi huhitaji dawa ya kumeza kutoka hospitali. Dawa za kupaka peke yake hazifiki kwenye mizizi ya nywele.

Soriasisi hutoa magamba mazito, makavu, ya rangi ya fedha au kijivu, na mpaka wake huonekana wazi. Hupenda kuvuka mstari wa nywele na kuingia kwenye paji la uso, kisogoni na nyuma ya masikio. Maelezo mengi husema ngozi chini ya magamba huwa nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi huonekana zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na hapo ndipo wengi hupotea.

Daktari hakuishia kichwani. Alitazama viwiko, magoti na kitovu. Kisha akashika vidole vya mtoto na kumwonyesha mama vishimo vidogo kwenye kucha, kama vilivyochomwa kwa ncha ya sindano. Mama alikuwa amevikata vidole hivyo kucha kila wiki na hakuwahi kuviona.

Mzazi asiyepata daktari bingwa karibu asikate tamaa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kilichoanza miaka ya 1990, kimewafundisha maofisa tabibu wengi fani hiyo. Inafaa kuuliza katika hospitali ya wilaya au ya mkoa kama yupo aliyesomea ngozi, na siku ya kliniki yake.

Kazi ya mafuta ya nazi

Mama aliporudi nyumbani, dodoki lilikuwa kitu cha kwanza kuondoka bafuni. Ngozi yenye soriasisi ikichubuliwa hujibu kwa kutoa magamba mapya palepale penye mchubuko. Kumbe Jumapili zile zote zilikuwa zikiulisha ugonjwa.

Badala yake ukaingia utaratibu wa mafuta. Jumamosi usiku, mafuta ya nazi yaliyopashwa uvuguvugu hupakwa kwenye ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole. Asiyekuwa nayo anaweza kutumia mafuta ya zeituni au mafuta ya mgando. Mtoto hufungwa kitambaa laini, foronya kuukuu huvishwa mtoni, na hulala hivyo. Asubuhi magamba yanakuwa yamelowa na kulegea. Chanuo lenye meno mapana hupitishwa polepole, likiwa limelazwa, si kusimamishwa. Linalotoka litoke, linalong’ang’ania huachwa mpaka wiki ijayo.

Mafuta hayatibu soriasisi. Yanalainisha magamba, yanapunguza muwasho, na zaidi ya yote yanafungua njia ili dawa ifike kwenye ngozi. Dawa iliyopakwa juu ya gamba kavu huishia kwenye gamba, hata iwe ya bei gani.

Shampuu ni ya ngozi, si ya nywele

Baada ya mafuta ndipo ije shampuu, na hapa wengi hupoteza fedha kwa kutojua namna ya kuitumia. Kwanza kichwa huoshwa kwa shampuu ya kawaida ili kutoa mafuta. Kisha hupakwa shampuu yenye dawa, mstari kwa mstari, moja kwa moja kwenye ngozi. Huachwa hapo dakika 5 hadi 10, kwa kufuata maelezo ya chupa, ndipo isuuzwe kwa maji mengi ya uvuguvugu. Anayeipaka na kuisuuza papo hapo ameosha nywele tu.

Shampuu zenyewe hazifanyi kazi moja. Zenye lami ya makaa ya mawe hupunguza kasi ya ngozi kujizalisha na hutuliza muwasho; zina harufu kali, huchafua nguo nyeupe, na huifanya ngozi iungue kwa urahisi juani. Zenye asidi ya salisiliki huyeyusha magamba, lakini hukausha ngozi, na kwa mtoto mdogo daktari aulizwe kwanza. Zenye ketokonazoli ni za fangasi. Husaidia pale ambapo soriasisi imechanganyika na mba wa mafuta, si kila kichwa.

Kichwa kinapokuwa kimechachamaa, shampuu peke yake haitoshi. Binti yule aliandikiwa pia dawa ya maji yenye steroidi ya kupaka, kwa wiki alizotajiwa, kisha kupunguza. Dawa hizo hufanya kazi vizuri zikitumika kwa muda uliopangwa. Zikitumika kiholela huidhoofisha ngozi, na kama tatizo ni mapunye, hulificha huku likienea. Vidonge vya steroidi ni hatari zaidi, kwani mtu akiviacha ghafla soriasisi inaweza kulipuka mwili mzima. Si vya kununuliwa dukani kwa ushauri wa jirani.

Vya jikoni vinavyofaa na visivyofaa

Bibi wa mtoto alikuja kutoka Lindi na mfuko wa shubiri. Ute wa shubiri hauna ubaya kwa watu wengi, na baadhi hupata nafuu ya muwasho. Hujaribiwa kwanza mahali padogo, na ngozi ikiwasha zaidi, huachwa. Siki iliyochanganywa na maji mengi wapo wanaosema inawatuliza, lakini kwenye ngozi iliyopasuka huchoma, hivyo mtoto mwenye vidonda isimguse.

Ndimu, kitunguu saumu kilichopondwa, magadi na mafuta ya taa havifai hata kidogo. Vyote huunguza au kuchubua, na mchubuko, kama ilivyoelezwa, huita magamba mengine. Mikorogo isiyo na maandishi inayouzwa kwenye vikopo nayo iachwe, kwa kuwa mingine huwa na steroidi kali bila mnunuzi kujua.

Bibi alisikiliza yote, akauliza, “Kwa hiyo nazi yangu inakubaliwa?” Alipoambiwa inakubaliwa, akachukua jukumu la Jumamosi usiku. Mjukuu akawa anapakwa mafuta huku akisimuliwa hadithi.

Nywele, saluni na koo

Nywele zinazodondoka kwa soriasisi kwa kawaida huota tena ngozi ikitulia. Mabaka meusi au meupe yanayobaki baada ya magamba kuondoka si makovu, nayo hufifia kwa miezi. Wakati kichwa kimechachamaa, mtoto asisukwe kwa kukazwa, asitiwe dawa ya kunyoosha nywele wala asipitishiwe chanuo la moto. Kama ni kunyolewa, mashine isikandamizwe mpaka kwenye ngozi. Msusi aambiwe mapema kwamba hauambukizi, kuliko agundue mteja akiwa kitini na kupiga kelele.

Baadhi ya milipuko huwa na sababu inayoonekana. Kwa watoto, maambukizi ya koo, yale ambayo wengi huita tonsesi, huweza kuiamsha soriasisi wiki mbili tatu baadaye. Msongo wa mawazo pia huiamsha, na hakuna msongo wa mtoto unaozidi kuchekwa darasani. Kwa watu wazima, sigara na pombe huizidisha, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu nazo zinaweza kuichochea. Anayezitumia amweleze daktari, asiziache mwenyewe.

Mtoto apelekwe hospitali bila kusubiri kama kichwa kinatoa usaha, ana homa, magamba yameenea haraka mwilini, au analalamika viungo kuuma na kuvimba, hasa asubuhi. Soriasisi kwa baadhi ya watu huingia kwenye viungo, na kuwahi huokoa viungo hivyo.

Kujiandaa kwa bweni

Mama alikwenda shuleni na barua ya daktari. Aliomba jambo moja tu, kwamba darasa liambiwe kuwa ugonjwa ule hauambukizi. Mwalimu aliisoma barua mbele ya wanafunzi. Si wote walioacha kucheka, lakini msichana wa dawati la mbele alirudi kukaa naye, na kwa mtoto wa umri ule hilo lilitosha kumrudisha shule bila kulia asubuhi.

Sasa binti yuko darasa la saba, na mwakani huenda akaingia bweni. Kichwa chake hakijapona, ila kimetulia kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kinapoanza kuwasha anajua mwenyewe. Tangu Januari mama ameacha kumwosha. Hukaa kwenye kile kigoda cha uani akiangalia, binti akijigawa nywele mstari kwa mstari mbele ya kioo kidogo na kuhesabu dakika kwa saa ya simu. Akisahau kisogoni, mama humwambia, “Nyuma, mwanangu,” akanyamaza.

Orodha ya vitu vya bweni imeshaanza kuandikwa kwenye daftari: godoro, ndoo, tranka, mashuka mawili. Chini yake binti ameongeza kwa mwandiko wake chupa ya mafuta ya nazi, shampuu, foronya ya zamani, na nakala ya barua ya daktari kwa ajili ya matroni.